Ungo wa Hitler Kabatini Mwetu



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo, kisichofika shubiri moja, kilichoingia majumbani mwetu ndani ya boksi lenye picha ya kupendeza, tukakipokea kwa bashasha bila ya kukiuliza jina wala kwao. Nakusudia zile ndege za plastiki za kuunga, ambazo vijana wetu walioko London, Muscat na Dubai huwaletea wadogo zao kuwa zawadi, na ambazo hata Dar es Salaam mwenye pesa zake huzipata. Ziko za Kiingereza, za Kimarekani na za Kijapani. Lakini ile ninayoikuta mimi kabatini, nikaribishwapo chai katika nyumba za Waislamu wenzangu, imewekwa juu ya kitambaa cha kufuma karibu na picha ya Al-Kaaba, mara nyingi huwa ni ndege ya kivita ya Wajerumani wa zama za Hitler, iitwayo Messerschmitt 109.

Ambaye hajaiona nimweleze. Ukifungua boksi unakuta vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana na vijiti vyake mfano wa zabibu kichalani: bawa la kulia, bawa la kushoto, mkia, injini, kiti, na pengine rubani mwenyewe, kijitu kisicho uso. Mtoto huvikata kwa wembe, akavisugua kwa msasa, akavigandisha kwa gundi, akavipaka rangi. Kisha huichukua karatasi ya alama, akairowesha majini, akazibandika alama hizo moja moja mbawani na mkiani. Kipimo chake mashuhuri ni moja kwa sabini na mbili, yaani inchi moja hapa husimama badala ya futi sita kule. Ndege yenyewe ilikuwa na mbawa za mita kumi kasoro kidogo kutoka ncha mpaka ncha. Katika kipimo hicho hazifiki sentimita 14. Na mtu mzima wa futi sita huwa na urefu wa inchi moja. Ishike hesabu hii, tutaihitaji mbele.

Mimi nayaandika haya nikiwa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako nimesomesha chuo miaka mingi tangu nilipotoka kwetu mwambao. Kila nishukapo Tanga au Dar es Salaam, nikitaja ninakokaa, watu hutazamana na kucheka. "Sheikh, umekuja kwa basi au kwa ungo?" Wasemao hivyo si wajinga wa mitaani, ni watu wa suti, wengine wanasomesha skuli. Kwao wao Ufipa haina mahindi, haina ng'ombe, haina baridi ya mwezi wa saba, wala haina watu waswalio na wafungao. Ina nyungo zirukazo usiku, basi. Hata jina la mji wamelipotoa, kwani wenyeji hueleza kwamba "sumba" ni tupa na "wanga" ni uchawi: mgeni alikuwa akiambiwa autupe uchawi wake nje kabla hajaingia. Jina la kuukataza uchawi tumeligeuza kuwa jina la kuusifia.

Hakuna mtu aliyewahi kunionesha ungo uliobeba watu ukaruka. Nilichokiona ni vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wakinyanyaswa kwa kusingiziwa ungo huo, na katika nchi yetu hii wamo waliouawa kwa hilo. Lakini ungo wa Hitler uliruka kweli. Uliruka mchana kweupe, watu wakiuona, ukaua, na picha zake zimehifadhiwa kwa maelfu. Na huo ndio tuliouweka karibu na Al-Kaaba. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Kwanza niondoe shaka moja, maana najua wako watakaorukia kusema kwamba kitu hiki ni sanamu, na sanamu ni haramu, wamalize maneno. Hapana. Ndege ya chuma haina roho, na mfano wa kisicho na roho haukukatazwa, kama ile mifano ya majahazi ambayo mafundi wetu wa Lamu na Unguja huichonga na kuiuza. Ama mchezo wa mtoto, mlango wake ni mpana zaidi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliporejea safarini alimkuta Bibi Aisha (R.A.) na vitu vyake vya kuchezea, na kati ya hivyo farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Akamwuliza juu ya farasi na mabawa yake, na jibu la Bibi Aisha, kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa, likamchekesha mpaka magego yake yakaonekana. Basi ikiwa farasi arukaye alichezewa nyumbani kwa Mtume, mimi ni nani nimkataze mtoto ndege? Sina ugomvi na plastiki wala na gundi. Ugomvi wangu ni na hadithi inayokuja ndani ya boksi, na zaidi ile iliyoachwa isije.

Hebu tuisome hiyo iliyoachwa. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1935, na mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 33,000; hakuna ndege ya kupigana na ndege nyingine angani iliyoundwa kwa wingi kuliko hiyo. Ilianza kupigana Hispania, katika vita vya watu wengine, Wajerumani wakijifunza kazi juu ya vichwa vya watu. Tarehe 26 Aprili 1937 mji mdogo wa Guernica ulichomwa kwa mabomu ya Wajerumani na Wataliani, na Messerschmitt hizi zilikuwamo, zikiwasindikiza waliokuwa wakiangusha mabomu. Mwaka 1941 zikateremka Libya. Huko ndiko alikojipatia jina rubani Hans-Joachim Marseille, ambaye husemwa kuwa aliangusha ndege 158, karibu zote katika anga ya Libya na Misri, kisha naye akafa huko tarehe 30 Septemba 1942, umri wake miaka 22. Ndege yake ilichorwa namba 14 kwa rangi ya njano, na viwanda vya mifano vimeiuza "Njano 14" hiyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wenziwe walimpa lakabu ya Nyota ya Afrika. Nyota ya Afrika! Kijana aliyeletwa na jeshi lililokuja kupigania mchanga wa Walibya bila ya Walibya kuulizwa, akapewa unyota wetu. Nchini humo humo na Misri walikuwako vijana wetu wa Tanganyika, Kenya na Uganda, waliochukuliwa kuwa vibarua wa jeshi la Mwingereza, kuchimba na kubeba. Wao hawana mfano kwenye boksi lolote.

Na ni nani waliziunda? Hapa ndipo nisipoweza kunyamaza. Tangu mwaka 1943 kazi ya kuunda Messerschmitt iliingizwa katika kambi za wafungwa, Flossenbürg huko Ujerumani na Gusen huko Austria. Watu waliokuwa wakipasua mawe ya granaiti wakapewa kupigilia mabati ya mbawa, wakiwa na njaa, wakipigwa, namba zikiwa zimechukua mahali pa majina yao. Katika kambi ya Flossenbürg na matawi yake pekee walikufa watu wapatao 30,000. Sasa irudie ile hesabu yetu. Mtu wa futi sita ni inchi moja. Rubani amewekwa botini mwake, inchi moja ya plastiki, mtoto ampake rangi ya nguo na ya viatu. Aliyeliunda bawa hakuwekewa hata hiyo inchi moja.

Utaniambia, "Sheikh, huo ni mchezo wa watoto, wewe unatuletea makaburi." Nitakujibu kwa kisa kimoja. Kijana mmoja wa chuoni kwangu, mtoto wa mfanyabiashara aliyehamia huku kutoka pwani, alikuja na daftari lake la fiqhi limechorwa swastika juu ya jalada, kwa rula, kwa kalamu nyekundu, kazi safi. Nikamwuliza ni nini. "Alama ya ndege yangu, maalim." Nikamwuliza ni alama ya nani. Akasema ni ya marubani hodari. Nilipomwita baba yake, naye akacheka: mchezo tu. Na baba huyu huyu ndiye aliyewahi kunijia mbio, kanzu imelowa jasho, kwa sababu mwanawe alirudi kutoka kwa jirani Mfipa na rozari shingoni! Rozari ya jirani mwema aliyemlisha mwanawe ugali na maharage ilikuwa balaa. Alama ya Hitler juu ya daftari la udhu na swala ilikuwa mchezo.

(Nitie neno hapa, isije ikatokea fitina. Alama inayofanana na hiyo huchorwa na Wahindu milangoni mwao wakati wa sikukuu zao, na walikuwa nayo zama nyingi kabla Hitler hajazaliwa. Hiyo ni yao na dini yao, haimhusu Hitler, na jirani asisumbuliwe kwa ajili yake. Ninayoisema ni ile iliyokaa mkiani mwa ndege.)

Wajerumani wenyewe, sheria yao ya jinai inakataza alama hiyo kuoneshwa hadharani, na ndiyo sababu maboksi mengi yauzwayo kwao huondolewa alama hiyo, au huchapwa vipande vipande mnunuzi akitaka aviungane mwenyewe. Wenye msiba wameificha. Sisi tunaipachika kwenye kabati la sebuleni.

Sasa nifike penye jipu lenyewe. Baba yule hakuwa peke yake. Yako mabaraza yetu, na wewe msomaji unayajua, ambamo Hitler husifiwa waziwazi. Husemwa: Mwingereza alitutawala, Hitler akampiga Mwingereza, Mayahudi wanawadhulumu ndugu zetu Palestina, Hitler aliwaua Mayahudi, basi alikuwa mtu wa maana. Nimeyasikia haya baada ya Alasiri, tasbihi mkononi. Subhanallah! Mtoto mchanga aliyeuawa Poland mwaka 1942 kwa sababu ya kuzaliwa na mama Myahudi alimdhulumu nani? Waliouawa hivyo ni watu milioni sita, vikongwe na wanyonyao. Kuichukia dhulma ya Palestina ni haki, na mimi naichukia. Lakini dhulma haipunguzwi kwa kuisifu nyingine iliyotangulia, na Mwenyezi Mungu hambebeshi mtu mzigo wa mwingine. Hilo tunalisomesha watoto wa darasa la kwanza, kisha tunalisahau barazani.

Tena hebu tuulizane, huyo Hitler alituona sisi kuwa nini? Mtu wa pwani ana haki gani ya kumfanya Mjerumani wa vita kuwa rafiki? Abushiri bin Salim walimnyonga Pangani mwezi Desemba 1889. Katika vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, walichoma maghala na mashamba ya kusini mpaka njaa ikaua zaidi ya bunduki, na wapo wanahistoria wanaohesabu waliokufa kufikia laki tatu. Hitler aliposhika nchi yake, walowezi wa Kijerumani waliokuwa Tanganyika walijiandikisha katika chama chake, wakingoja nchi hii irudishwe kwao kama mali iliyopotea. Huo ndio urafiki aliotuandalia.

Na kama hayo yote ni mbali, msikilize Mswahili mwenzako. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, Muislamu mwana wa Muislamu, baba yake askari wa Kijerumani mwenye asili ya Sudan. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Akaingizwa jeshini pamoja na baba yake, upande wa Mjerumani, akajeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Vita vikaisha, Wajerumani wakashindwa, mishahara ya askari haikulipwa. Mahjub akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin, akadai haki ya baba yake na yake mwenyewe. Hakulipwa.

Akabaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtumishi wa mkahawani, akasaidia kusomesha Kiswahili katika chuo cha Berlin, akaoa, akapata watoto, akaigiza katika sinema ambamo mtu mweusi hakupewa ila nafasi ya mtumishi au ya mshenzi. Hitler ameshaingia, na yeye aliendelea kujiona askari wa zamani wa nchi ile. Akaomba nishani ya waliopigana vita vya kwanza. Akanyimwa. Sinema yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule yule aliyepita Usagara mwaka 1884 na mikataba yake ya ulaghai, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Fikiri, mtu wa Dar es Salaam anasimama mbele ya kamera amsifu Mkono wa Damu ili apate mkate.

Mwaka huo huo walimkamata kwa sheria zao za rangi, wakimshitaki kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Wakamtia katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akakaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Damu aliyoimwaga akiwa mtoto chini ya bendera yao haikumfaa kitu. Mwaka 2007 Wajerumani walitia mbele ya nyumba aliyokaa Berlin kijiwe kidogo cha shaba, chenye jina lake. Je, sisi? Mtoto wa Kariakoo, wa Tanga, wa Mombasa, ambaye anaweza kukutajia Messerschmitt ya namna gani ilikuwa na mizinga mingapi, ukimtajia Bayume Mohamed Husen atakuuliza anachezea timu gani.

Nilimsomea kijana wangu kisa hiki, mbele ya wenziwe. Sikumpiga. Jalada la daftari alilibadilisha mwenyewe.

Sasa turudi Ufipa, maana mwenyeji wa pwani huidhani ni nchi isiyo na la kumfundisha mtoto. Kabla ya Mjerumani kutia mguu huku, Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe wakapata chuma. Matanuri yao, wayaitayo malungu, ni minara ya udongo yenye urefu wa kama mita tatu, yenye matundu chini yavutayo upepo wenyewe bila ya mivukuto. Hujazwa makaa na mawe ya chuma, yakaachwa yakawaka siku baada ya siku. Kitokacho humo hurudiwa katika tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, mpaka kikawa safi cha kufulia majembe. Mtaalamu wetu Bertram Mapunda alizitafiti kazi hizi Nkasi katika miaka ya 1990, na mabaki ya malungu bado yamesimama katika mashamba. Majembe ya Ulaya yalipoingia dukani kwa bei ndogo, moto ukazimwa. Katika Sura ya Hadidi chuma kimetajwa kwa mambo mawili pamoja, ukali wake na manufaa yake kwa watu. Na mimi kila nipitapo kando ya lungu lililobomoka nazikumbuka zile mbawa za Flossenbürg, nikasema, chuma ni kile kile.

Na ukitaka boksi la vipande vya kuunga, basi huku tunalo letu, kubwa kuliko yote. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Wajerumani waliunda meli, wakaifungua tena vipande vipande, wakaitia katika makasha yapatayo 5,000, wakayaleta Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Wakaiunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mwezi Februari 1915 wakaishusha majini, meli ya vita, jina lake Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916, wakiikimbia Kigoma, wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mashine mafuta mazito kwanza, kama mtu amzikaye aliye na tamaa kwamba atafufuka. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Ikapita Kasanga, Kipili na Kirando kwa takriban miaka tisini, ikichukua dagaa, mahindi, wagonjwa, mabibi harusi na masanduku yao. Mwaka 1997 ikawarudisha kwao wakimbizi wa Kongo kwa makumi ya maelfu. Mizinga iliondolewa, meli ikabaki. Mtoto akitaka kuunga kitu cha Wajerumani, aunge hicho, na amwulize bibi yake wa Kirando aliyepanda.

Atakayetaka habari za vita, Ufipa haina upungufu. Kasanga ndipo Wajerumani walipopaita Bismarckburg, na boma lao hapo lilichukuliwa na Waingereza mwezi Juni 1916. Na vita vyote vya Afrika Mashariki vilimalizikia jirani yetu, ng'ambo tu ya mpaka, Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, aliposalimu von Lettow-Vorbeck tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kuweka silaha. Vita vile havikupiganwa kwa ndege. Mjerumani hapa alikuwa na ndege moja tu, nayo haikumfaa. Vilipiganwa kwa migongo ya watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walikaribia laki moja, kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu. Kariakoo unayokwenda kununua vitunguu imeitwa hivyo kwa sababu yao, kwa Kiingereza cha kikosi cha wapagazi kilichovunjwavunjwa na ulimi wa Kiswahili.

Ama ndege, Wafipa walizijua kwa jambo lingine. Bonde la Rukwa, chini ya uwanda huu, ni mojawapo ya mahali wazaliwapo nzige wekundu, wale ambao wakiachwa wakaota mbawa hula mashamba ya nchi saba. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake hapo hapo Abercorn, na ndege zikawa moja ya silaha zake. Mwaka 2009 nzige walipozidi, zilinyunyiza dawa iliyotengenezwa kwa kuvu awaozeshaye nzige, isiyomdhuru mtu wala ndege wa angani, katika Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Rubani wa kazi ile huruka chini, karibu na majani, bondeni kwenye joto na upepo wa mgeuko. Sijaona boksi lake dukani.

Naujua udhuru mmoja uliobaki, nao una nguvu kuliko mengine: kwamba kazi hii humfundisha mtoto subira, macho na mikono. Ni kweli. Mtoto aliyekaa siku tatu akisugua bawa kwa msasa ni bora kuliko aliyekaa siku tatu na simu. Lakini usidhani kwamba mchezo huu ulizaliwa mbali na vita. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba watoto wa skuli wa nchi nzima wachonge mifano 500,000 ya ndege, kwa kipimo hicho hicho cha moja kwa sabini na mbili, ili wapiganaji wajifunze kuitambua ya adui kabla ya kupiga. Mikono ya watoto ilikuwa ndani ya kazi tangu hapo. Tofauti ni kwamba mtoto yule wa 1942 aliambiwa ndege ile ni ya nani na inafanya nini. Wetu haambiwi.

Basi wewe mzazi ambaye boksi limeshaingia nyumbani, sikwambii ulichome moto, mali ya mtoto haichomwi. Kaa naye mkekani kabla gundi haijafunguliwa. Mwambie Guernica, mwambie Flossenbürg, mwambie Bayume Mohamed Husen wa Dar es Salaam. Mwulize kama bado anataka kuiunga. Akitaka, aiunge, na ile karatasi ya alama uizuie wewe, upande mmoja wa swastika na wa pili. Kisha iondoeni karibu na picha ya Al-Kaaba. Mahali pake ni rafu ya vitabu vya historia, ikiwa nyumba inayo.

Na nyinyi vijana mlioko nje, viwanda hivyo hivyo huuza meli, magari ya zimamoto, ndege za abiria, na mifupa ya wanyama kwa wasomao uganga. Msasa ni ule ule na gundi ni ile ile. Chuoni kwangu watoto huunda malori kwa waya na makopo ya mafuta ya kupikia, na mmoja wao ameanza Liemba, bomba lake la moshi ni betri kuukuu ya redio. Anahitaji brashi nyembamba na rangi nyeupe.